Pengo la Ujira Huanza Kabla ya Siku ya Mshahara

Pengo la ujira ni tofauti kati ya wastani wa kipato cha wanaume na wastani wa kipato cha wanawake. Shirika la Kazi Duniani (ILO) linakadiria kwamba kwa dunia nzima mwanamke aliyeajiriwa hupata pungufu ya mwanamume kwa asilimia 20 hivi: penye shilingi 100,000 za mwanamume, mwanamke huondoka na 80,000. Hesabu hiyo inawahusu walio kwenye ajira ya mshahara. Tanzania watu wengi hula jasho lao shambani, sokoni na kwenye vibarua, ambako hakuna hati ya mshahara ya kulinganisha. Huko pengo lazima lifuatwe mpaka pale linapotengenezwa.

Wengi wakilisikia neno hili huwaza wafanyakazi wawili wa kazi moja, meza zimepakana, mmoja analipwa zaidi kwa kuwa ni mwanamume. Dhuluma ya namna hiyo ipo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya pengo huwa imekwisha kutokea kabla ya siku ya mshahara: shuleni, kwenye mlango wa kuingilia kazini, jikoni, wodi ya wazazi na kwenye hati ya shamba.

Sakina, kaskazini-magharibi mwa jiji la Arusha, ni mahali pazuri pa kulitazama. Mtaa huu uko kando ya barabara ya Namanga, na hapo ndipo inapoanzia barabara ya njia nne iendayo Tengeru, kilomita 14.1. Alfajiri, kabla ukungu wa Mlima Meru haujaondoka, bodaboda wamekwisha jipanga, makonda wanaita abiria, malori ya mpakani yanapita, na magari ya watalii yanatoka kuelekea mbugani. Walioshika usukani karibu wote ni wanaume. Wanawake nao wamefika. Wapo walioteremka na ndizi na mboga kutoka miteremko ya Meru, mama lishe wanaowasha moto wa chai, dada wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Ilboru na Njiro, na vibarua wanaowahi usafiri wa mashamba ya maua upande wa Usa River. Takriban wanawake wanane kwa kila kumi wenye umri wa kufanya kazi nchini wako kazini au wanatafuta kazi. Uvivu hauwezi kuwa jibu.

Sheria inavyosema

Tanzania haina upungufu wa maneno mazuri kuhusu jambo hili. Ibara ya 23 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu, bila ubaguzi, haki ya ujira unaolingana na kazi yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa jinsia yake, kwa ujauzito au kwa hali yake ya ndoa. Serikalini ngazi za mishahara hazina safu ya wanaume na safu ya wanawake: mwalimu wa kike na wa kiume wa daraja moja hupokea sawa.

Mwaka 2002 nchi iliridhia Mkataba Na. 100 wa ILO, wa mwaka 1951, unaodai ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mkataba hauishii kwa watu wanaofanya kazi moja. Unataka hata kazi tofauti zipimwe kwa ujuzi, jitihada, wajibu na mazingira yake. Mlinzi wa getini na yaya aliye ndani ya nyumba hiyohiyo wanafanya kazi mbili tofauti. Mkataba unauliza ni kwa kipimo gani kulinda gari kumekuwa na thamani kubwa kuliko kulinda mtoto.

Chimbuko la fikra

Kipimo hicho kina historia. Wajerumani walipoanzisha kodi ya kibanda mwishoni mwa karne ya 19, mwanamume alilazimika kutafuta fedha, na fedha zilikuwa kwenye mashamba ya walowezi: mkonge Tanga, kahawa Kilimanjaro na Meru. Alifanya kazi kwa kipande, kadi iliyowekewa alama kila siku mpaka zitimie siku 30. Ujira wake ulipangwa kana kwamba ni mtu mmoja asiye na familia, kwa sababu mke alibaki nyumbani akilima chakula cha watoto. Kwa hiyo jasho la mwanamke huyo lilimpunguzia mwenye shamba gharama, na hakuna kitabu kilicholiandika. Msimu wa kuchuma ulipofika, wanawake na watoto waliitwa kama nguvu ya ziada.

Wakoloni waliondoka, lakini mawazo mawili yalibaki. La kwanza ni kwamba mwenye mshahara wa nyumba ni baba. La pili ni kwamba anachopata mama ni hela ya mboga, nyongeza tu ya kujazia. Mwajiri anayeamini hivyo haoni dhambi kumlipa mwanamke kidogo, hata kama mwanamke huyo ndiye anayelipa kodi ya chumba na ada ya watoto.

Shuleni: njia zinapoachana

Kwa upande wa kuandikishwa shule ya msingi, wasichana wamewafikia wavulana. Elimu bila ada, iliyoanza mwaka 2016 mpaka kidato cha nne, iliwasaidia wote, na wasichana zaidi, kwa kuwa familia yenye fedha za mtoto mmoja mara nyingi ilimpeleka wa kiume. Tofauti hujitokeza baadaye. Ndoa za mapema na mimba zimewatoa wengi darasani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa wanafunzi waliopata ujauzito wanaweza kurudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua. Mwanamke wa miaka 35 aliyekatizwa masomo kabla ya hapo hakufaidika na tangazo hilo. Leo yuko sokoni au kwenye kibarua, na kipato chake kinabeba alama ya siku aliyofungiwa mlango wa darasa.

Wanaobaki masomoni nao hugawanyika. Kwenye vyuo vya ufundi wasichana huelekezwa kwenye ushonaji, mapishi na upambaji, wavulana kwenye umeme, magari na uchomeleaji. Hakuna anayewalazimisha. Wanachagua kile walichoona watu wa jinsia yao wakikifanya, na soko hulipa ufundi wa kundi moja zaidi ya ufundi wa kundi la pili.

Mlango wa kuingilia kazini

Jambo hilo laonekana wazi katika kima cha chini cha mshahara cha sekta binafsi. Amri iliyoanza kutumika Januari 2023 haikutaja mwanamume wala mwanamke popote. Ilipanga kwa sekta. Mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri alipangiwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Wa shambani, 140,000. Mlinzi wa kampuni ndogo au ya kati ya ulinzi, 148,000. Mfanyakazi wa kampuni ya uchimbaji madini, 500,000. Hata tukikumbuka kwamba dada wa nyumbani hupewa chakula na malazi, angehitaji zaidi ya miezi minane kuufikia mwezi mmoja wa mchimbaji. Viwango vimepandishwa tena kuanzia Januari 2026, lakini utaratibu wa kupanga kwa sekta ni uleule. Na kazi za ndani zimejaa wanawake, migodi imejaa wanaume.

Si kwamba wanawake hawakuutaka mgodi. Mererani, si mbali na Arusha, ndiko pekee duniani inakochimbwa tanzanaiti, madini yaliyogunduliwa mwaka 1967. Pili Hussein, mwanamke aliyekimbia ndoa ya mateso, alifika huko wakati wanawake hawakuruhusiwa kushuka mashimoni. Akavaa suruali na kofia, akajiita Mjomba Hussein, akaingia chini na vijana wachimbaji wanaoitwa wana-Apolo. Aliishi hivyo kwa karibu miaka kumi, akapata mawe ya thamani, akajenga, na baadaye akamiliki kampuni yake mwenyewe. Mwaka 2017 aliieleza BBC kwamba katika waajiriwa wake wapatao 70, wanawake walikuwa watatu, na wote watatu walikuwa wapishi. Mtu mmoja alivunja mlango kwa ujasiri usio wa kawaida, lakini nyuma yake mlango ulirudi mahali pake. Wanawake wengi wa Mererani hupata riziki juu ya ardhi, wakichekecha udongo uliokwisha pekuliwa au kuuza chakula.

Utalii, tegemeo kubwa la Arusha, una migawanyo yake. Dereva anayewazungusha wageni mbugani, mwongozaji na mpagazi wa mlimani wengi wao ni wanaume. Wanaotandika vitanda, wanaofua mashuka na wanaopokea wageni mapokezini wengi ni wanawake. Mshahara wa msingi unaweza kukaribiana, lakini tipu huenda kwa aliyekaa na mgeni siku tano porini na kumwonyesha simba. Aliyekitandika kitanda cha mgeni huyo asubuhi hakuonekana. Tipu haimo kwenye mkataba, kwa hiyo pengo hili halionekani kwenye orodha yoyote ya mishahara.

Hata ndani ya shamba moja la maua mgawanyo upo. Wanawake ndio wengi kwenye mabanda na kwenye chumba cha kupanga madaraja na kufunga mashada, kazi inayodai macho makali na vidole vyepesi. Kupuliza dawa, mabomba ya maji, mashine na udereva huwa vya wanaume, na mara nyingi vina nyongeza au nafasi ya kupanda cheo. Wepesi wa vidole huhesabiwa kuwa ni maumbile ya mwanamke, hivyo haulipwi kama ujuzi. Nguvu ya mwanamume nayo ni maumbile, lakini yeye hulipwa kwa ajili yake.

Saa zisizo na malipo

Chukua wafanyakazi wawili wa shamba moja, mwanamume na mwanamke, kwa kima cha 140,000 cha amri ya 2023. Wiki ya kazi kisheria ni saa 45, sawa na saa 195 kwa mwezi, kwa hiyo saa moja ni kama shilingi 718. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, karibu shilingi 1,077, na sheria inaruhusu mpaka saa 50 za ziada katika wiki nne. Mwanamume akizichukua zote anaongeza karibu 53,800 na kufikisha 193,800. Mwanamke anayekimbilia nyumbani kuwahi watoto anabaki na 140,000. Mwajiri hakuvunja sheria na kiwango cha saa ni kimoja, lakini kwa kila shilingi 100 za mwanamume, mwanamke amepata 72.

Saa hizo hazikupotea. Amezitumia kuchota maji, kutafuta kuni au mkaa, kupika, kufua, kuogesha watoto na kumwuguza mkwe. Tafiti za matumizi ya muda nchini zinaonyesha kwamba wanawake hutoa saa mara kadhaa zaidi ya wanaume kwa kazi hizo. Bila kazi hizo hakuna mfanyakazi yeyote, wa kike au wa kiume, ambaye angeweza kufika kazini kesho yake. Bomba la maji likikauka mtaani, anayeongezewa safari ni mama, na mama akichelewa kazini, anayekatwa ni yeye.

Kwa wanaolipwa kwa kiasi cha kazi badala ya saa, hali ni kali zaidi. Msimu wa kahawa, mchumaji hulipwa kwa debe. Mwenye mtoto mgongoni huinama taratibu, husimama kunyonyesha, huondoka mapema. Bei ya debe ni moja kwa wote, lakini idadi ya madebe inatawaliwa na nani aliyebeba mtoto.

Gharama ya kuzaa

Mwaka 2023 Claudia Goldin alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Uchumi kwa utafiti wake juu ya wanawake katika soko la ajira la Marekani. Alionyesha kwamba kwa watu wenye elimu na kazi zinazofanana, sehemu kubwa ya pengo huanza anapozaliwa mtoto wa kwanza. Mama hupunguza saa au huhamia kazi yenye ratiba nyepesi. Baba huendelea kupanda.

Tanzania mama aliyeajiriwa ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja, pamoja na mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha anaporudi. Baba ana siku tatu. Tofauti hiyo inamweleza mwajiri kuwa mtoto ni wa mama peke yake. Na kwa kuwa mwajiri hubeba mshahara wa likizo huku akimtafuta wa kushika nafasi, wapo wanaomtazama kila mwombaji kijana wa kike kama gharama inayokuja, wakamwajiri mwanamume kimyakimya au kumpa mwanamke mkataba mfupi usiofika msimu wa pili. Kibarua wa kutwa, mama lishe na muuza ndizi hawana mwajiri wa kuwalipa likizo. Wakijifungua, kipato kinasimama siku hiyohiyo.

Ardhi na mtaji

Kwa mkulima, ujira ni mavuno. Utafiti wa mwaka 2015 wa Benki ya Dunia na mashirika ya Umoja wa Mataifa uligundua kuwa mashamba yanayosimamiwa na wanawake Tanzania yalizalisha pungufu kwa asilimia 16 kwa hekta kuliko ya wanaume, na kwamba pengo hilo liliigharimu nchi dola milioni 105 kwa mwaka. Sababu kubwa ilikuwa nguvu kazi: mwanamke anayesimamia shamba mara nyingi hana mwanamume wa kumsaidia wala fedha za kuweka vibarua, na palizi ikichelewa mavuno hupungua.

Nyuma ya hapo kuna suala la umiliki. Kwa Wameru na Waarusha, kama kwa makabila mengi ya ukoo wa baba, shamba lilitoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Kahawa ilikuwa mali ya mwanamume na ndizi za mwanamke. Malipo ya kahawa hupitia chama cha ushirika kwa jina la mwanachama, na mwanachama ni mwenye shamba, hata kama waliopalilia na kuchuma ni mke na binti. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kupata, kumiliki na kuuza ardhi. Hata kabla yake, mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilimpa haki Holaria Pastory wa Kagera, aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake na kupingwa na ukoo. Lakini mila husikilizwa kwenye kikao cha ukoo, na wajane wengi hawafiki mahakamani.

Asiye na hati hana dhamana, na asiye na dhamana hukopa padogo kwa riba kubwa. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, huwatengea wanawake asilimia nne. Inapowafikia, mama hununua gunia zima badala ya debe na kupata faida ya bei ya jumla. Isipowafikia, wapo wakopeshaji wa mtaani ambao mikopo yao watu wameipa jina linalojieleza: kausha damu.

Siri ya mshahara

Pale kazi inapokuwa moja na malipo yakatofautiana, kinachoyalinda ni ukimya. Mshahara umefanywa siri, na mtu hawezi kudai asichokijua. Mwanamke anayejadili malipo huonekana mkorofi, na mwanamume anayefanya hivyo huonekana anajua thamani yake. Lipo pia ovu ambalo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imelifanya kosa: rushwa ya ngono. Mwanamke anayeombwa mwili wake ili apewe cheo na akakataa, hupoteza ongezeko la miaka mingi mbele, na hasara hiyo haiandikwi popote.

Yanayopunguza pengo

Kwa kuwa pengo lina vyanzo vingi, dawa moja haitoshi. Kupandisha kima cha chini katika sekta zilizojaa wanawake husaidia haraka, kwa sababu wao ndio wengi kwenye ngazi ya chini. Chama cha wafanyakazi hufanya sheria ishuke mpaka shambani: TPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashambani, kimejadili mikataba ya hali bora na wenye mashamba ya maua, ambamo likizo ya uzazi na muda wa kunyonyesha huwa haki iliyoandikwa. CHODAWU ndicho kinachowasemea wafanyakazi wa hotelini na majumbani. Anayebaguliwa anaweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Maji ya bomba, kituo cha kulelea watoto karibu na kazi na likizo ndefu zaidi ya baba humrudishia mama saa zake. Hati ya shamba yenye majina ya mume na mke humpa dhamana. Kuweka wazi ngazi za mishahara huvunja siri: Iceland, ambako karibu asilimia 90 ya wanawake waligoma kazi zote, hata za nyumbani, tarehe 24 Oktoba 1975, mwaka 2018 ilianza kuwataka waajiri wenye watu 25 au zaidi wathibitishe kwamba wanalipa sawa kwa kazi zenye thamani sawa.

Hatua hizo zote hupitia swali la yaya na mlinzi wa getini. Mama mwenye ajira nzuri mjini huweza kutoka asubuhi kwa sababu kuna mwanamke mwingine aliyebaki na mtoto wake kwa kima cha chini kuliko vyote. Kazi ya huyo wa pili ikipimwa kwa ujuzi, jitihada na wajibu wake, kama Mkataba Na. 100 unavyotaka, pengo litaanza kuzibwa kutoka chini, kwa wale linaowaumiza zaidi.